Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Oili ya Giaboksi katika Land Rover za Zamani za Jeshi: Mwongozo Kamili

Land Rover 109 ya Series III, iliyonunuliwa kwenye mnada wa magari yaliyostaafishwa jeshini, ililetwa gerejini kwetu ikiwa imebadilishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja sili (pete ya kuzuia oili isipite kando ya shafti) ya nyuma ya transfa, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma. Kila mara sili mpya ilikaa wiki chache, kisha oili ikarudi kuingia ndani ya dramu ya breki ya mkono, na gari likawa halishiki kwenye mwinuko. Mwenyewe alikuja na sili ya nne mfukoni. Nilimwambia, "Shikamoo mzee. Hiyo iache kwanza kwenye pakiti yake, tufungue plagi ya kipimo." Nilipoilegeza plagi ya kipimo cha transfa, oili iliruka nje na kuendelea kumwagika mpaka ikapita nusu lita, ingawa gari lilikuwa limesimama kwenye sakafu iliyo sawa. Tulipopima giaboksi kuu iliyo mbele ya transfa, tulikuta imepungukiwa vibaya. Zile sili tatu hazikuwa na kosa lolote. Oili ilikuwa ikihama ndani kwa ndani kutoka chumba kimoja hadi kingine, na sili ya nyuma ilikuwa inazidiwa na ujazo ambao haikutengenezwa kuuzuia.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na spana. Katika magari haya sili ni mahali oili inapoonekana, na mara nyingi si mahali tatizo lilipoanzia. Anayetaka kuponya uvujaji anapaswa kujua kwanza ni oili ya aina gani, inatoka kwenye tundu lipi, na ni kitu gani kinachoisukuma.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu Land Rover za Series II, IIA na III, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1985, pamoja na ile nyepesi iliyobuniwa ili iweze kuninginizwa chini ya helikopta. Tofauti za mwaka hadi mwaka zipo, hasa kwa kuwa Series III ilipata giaboksi yenye sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) kwenye gia zote nne za mbele, lakini mpangilio wa makasha na njia za uvujaji ni ule ule. Mwenye jeep ya Willys ya Vita Kuu ya Pili naye atayaona mengi anayoyafahamu, kwa sababu giaboksi na transfa za jeep zimeungana kwa namna inayofanana na zinaugua ugonjwa huo huo wa kuhamishiana oili.

Makasha matatu

Nyuma ya injini kuna makasha matatu yaliyofuatana. La kwanza ni kasha la klachi, ambalo linapaswa kuwa kavu kabisa. La pili ni giaboksi kuu, inayobeba takriban lita 1.5 za oili. La tatu ni transfa, inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma, nayo hubeba takriban lita 2.5. Giaboksi kuu na transfa kila moja ina plagi yake ya kumwagia na mahali pake pa kupimia, na oili zake hazipaswi kuchanganyika. Transfa hupimwa kwa plagi iliyo upande wa nyuma wa kasha. Giaboksi kuu, kwa kutegemea mwaka wa gari, hupimwa kwa kijiti kinachofikiwa kupitia kizibo cha mpira sakafuni, au kwa plagi iliyo ubavuni.

Kinachotenganisha vyumba hivyo viwili ni sili moja tu, iliyokaa nyuma ya shafti kuu, mahali shafti hiyo inapotoka giaboksi na kuingia transfa. Sili hii haionekani kutoka nje, haidondoshi hata tone sakafuni, na ndiyo maana mafundi wengi huisahau.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu moja kwa moja. Dramu yake imefungwa nyuma ya transfa na inashika propela shafti ya nyuma, ambayo ndiyo inayoshika ekseli. Maana yake ni kwamba ukishaifungua propela hiyo, breki ya mkono haishiki kitu chochote, hata kama umeivuta hadi mwisho. Gia nayo haisaidii. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote, na kama umeliinua gari, liweke juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu gari la tani moja na nusu likianza kutembea, aliye chini yake hana muda wa kutoka.

Lingine ni vumbi la breki. Viatu vya breki vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa asbesto, na gari lililokaa stoo ya jeshi kwa muda mrefu laweza kuwa bado na viatu vyake vya awali. Usipulize vumbi hilo kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, ulifute kwa tambara, kisha ulitupe tambara likiwa bado na unyevu, ndani ya mfuko uliofungwa.

Kuhusu spana, magari haya yana nati za vipimo vya Kiingereza vya zaidi ya aina moja, na ndani ya kasha moja unaweza kukutana na mbili tofauti. Spana ya milimita inayokaribia kutosha itaviringisha vichwa vya nati, na nati iliyoviringika ndani ya uvungu huo itakugharimu siku nzima.

Hatua ya kwanza: kujua ni kimiminika gani

Weka kipande cha boksi jeupe au gazeti chini ya gari usiku kucha, na uweke alama kuonyesha upande wa mbele wa gari na mstari wa magurudumu ya mbele, ili asubuhi uweze kulinganisha matone na kilicho juu yake. Kisha chukua tone kwa kidole.

Oili ya gia ni nzito, ina rangi ya asali au kahawia, na ina harufu kali ya salfa, ile inayofanana na yai viza. Ukishaisikia mara moja huisahau. Oili ya injini ni nyepesi zaidi na husambaa haraka kwenye karatasi, na katika injini ya dizeli huwa nyeusi tititi. Mafuta ya breki, yanayotumika pia kwenye klachi ya haidroliki, ni mepesi sana na hubabua rangi ya gari. Ukiwa na shaka, dondosha tone ndani ya kisahani chenye maji: mafuta ya breki huyeyuka na kupotea majini, oili ya aina yoyote huelea. Kipimo hiki cha kisahani kina thamani kubwa, kwa kuwa silinda ndogo ya klachi ya haidroliki imekaa jirani na kasha la klachi na uvujaji wake hudhaniwa kirahisi kuwa wa giaboksi.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji yameingia. Usiihesabu kuwa oili. Imwage yote, na utafute njia ambayo maji yalipitia, kwa kuwa mara nyingi njia hiyo ndiyo inayotoa oili pia.

Hatua ya pili: kusafisha na kupaka poda

Gari la zamani la jeshi huwa limevaa koti la oili na udongo lenye unene wa kidole. Hakuna mtu awezaye kusoma uvujaji juu ya koti hilo, na upepo wa barabarani husukuma oili nyuma, hivyo kasha lote la transfa laweza kuonekana limelowa kumbe oili imetoka kwenye kifuniko cha injini. Kwangua udongo kwa kipande cha mbao, osha kwa mafuta ya taa na brashi, kisha suuza kwa maji ya sabuni na uache pakauke kabisa. Usielekeze maji ya presha kwenye midomo ya sili wala kwenye vipumulio.

Pakishakauka, nyunyizia poda ya watoto kwenye viungo vyote: chini ya kasha la klachi, kuzunguka flanji (bamba la mviringo linalofungiwa propela shafti) ya mbele na ya nyuma ya transfa, kwenye bamba la chini la transfa, kwenye kifuniko cha nyuma, na pale kebo ya spidomita inapoingia. Endesha gari kilomita 10 hadi 20 kwenye lami, si kwenye vumbi, mpaka giaboksi ipate moto, kisha urudi uingie uvunguni na tochi. Juu ya weupe wa poda utaona mstari mwembamba wa oili, na ukiufuata mstari huo kuelekea juu utafika kwenye chanzo. Fuata sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Sehemu ya chini inayodondosha hukuonyesha tu mahali oili ilipochoka kutambaa.

Liangalie pia jambo la muda. Gari linalovuja likiwa moto na kuacha likipoa lina shida ya presha au ya beringi. Gari linalovuja likiwa limesimama siku nzima lina oili iliyopanda juu ya mdomo wa sili, au lina sili iliyokauka.

Hatua ya tatu: vipimo na vipumulio, kabla ya kununua kitu

Simamisha gari mahali palipo sawa, liache lipoe, kisha fungua plagi za kipimo za vyumba vyote viwili. Oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu, isipungue wala isizidi. Ukikuta transfa imefurika huku giaboksi kuu imepungua, umeshapata jibu: ni sili ya ndani ya shafti kuu, na hakuna sili ya nje itakayodumu kabla hiyo haijashughulikiwa. Ukikuta vyote viwili vimezidi, huenda mtu alijaza kwa kukisia, jambo ambalo ni la kawaida kwenye magari yaliyopita mikono mingi. Punguza hadi kipimo, safisha, halafu utazame kwa wiki mbili. Nimeona magari yakiacha kuvuja kwa hatua hiyo peke yake.

Kisha tafuta kipumulio, yaani tundu au kofia ndogo iliyo juu ya kasha, ambayo huruhusu hewa kutoka na kuingia. Katika magari yetu kipumulio huzibwa na matope, na wakati mwingine na nyigu waliojenga kiota. Kasha lililozibwa likipanda kutoka nyuzi joto 25 hadi 80, hewa iliyomo ndani hutafuta kuongeza presha kwa karibu asilimia 18, na presha hiyo haina pa kutokea isipokuwa kwenye midomo ya sili. Kibaya zaidi, gari hilo hilo likiingia mtoni likiwa na moto, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili zile zile. Kifungue kipumulio, kioshe kwa petroli, kipulize mpaka hewa ipite bila kizuizi.

Sasa shika flanji ya nyuma ya transfa kwa mikono miwili na uitikise juu na chini. Ukihisi mchezo, beringi za shafti zimelegea, na sili mpya utakayoweka itapigwa na shafti inayoyumba mpaka mdomo wake ulike upande mmoja. Beringi hizo ni za rola zenye umbo la koni, na ukazaji wake huamuliwa na shimu, yaani vibati vyembamba vilivyo kati ya nyumba ya gia ya spidomita na kasha la transfa. Kama kuna mchezo, kazi si ya sili tena, ni ya beringi na shimu. Ifanye kwanza.

Je, kila uvujaji unastahili kufunguliwa kasha? Piga hesabu. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Tone moja kila dakika 10 ni matone 144 kwa siku, ambayo ni takriban mililita 7, yaani zaidi ya mililita 200 kwa mwezi. Giaboksi kuu yenye lita 1.5 itapoteza nusu ya oili yake ndani ya miezi mitatu na nusu. Tone moja au mawili kwa usiku ni jambo jingine: pima oili kila mwezi, ongeza kidogo, endelea na safari zako. Kwa maoni yangu, unyevu mwembamba usiodondosha haufai kabisa kuguswa, kwa sababu kasha lililotulia miaka 50 huharibika kwa kufunguliwa ovyo. Isipokuwa unyevu huo uwe ndani ya dramu ya breki. Hapo hakuna kiasi kinachokubalika.

Kuchagua sili

Wapenzi wa magari ya jeshi huzipenda sili za stoo ya zamani, zilizofungwa kwa karatasi ya nta zikiwa na namba ya NATO ya tarakimu 13. Namba hiyo ni msaada mkubwa wa kutambua spea, lakini sili yenyewe iliyokaa rafu miaka 40 imekuwa ngumu, na mara nyingi mdomo wake utapasuka mara tu shafti inapozunguka. Ukunje mdomo kwa ukucha: usiporudi mara moja, au ukionyesha nyufa ndogo, itunze sili hiyo kama kumbukumbu. Nunua mpya ya mpira wa naitrili, inayotosha kwa joto la kawaida la giaboksi.

Usibuni vipimo. Magari haya yalitengenezwa kwa inchi, na inchi mbili ni milimita 50.8, hivyo sili ya milimita 50 si mbadala wake hata kama dukani wanakwambia itaingia tu. Pima kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na upana kwa kalipa, ukipima shafti na tundu lenyewe, kwa kuwa sili ya zamani huwa imeshapinda.

Kwa magari ya miaka ya 1940 yaliyotumia sili za ngozi, kama bado utaweka ya ngozi, iloweke kwenye oili kwanza mpaka ilainike, kisha uifunge. Ngozi kavu huungua kwa msuguano ndani ya dakika chache za kwanza.

Kubadilisha sili ya nyuma ya transfa

Hii ndiyo sili inayovuja kuliko zote, na ndiyo inayoharibu breki ya mkono, kwa hiyo nitaieleza kwa utulivu.

Mwaga oili ya transfa ikiwa bado ya vuguvugu, uipokee kwenye beseni safi ili uone kama ina vumbi la chuma. Weka alama kwa patasi au rangi kwenye flanji ya propela na flanji ya transfa, ili zirudi zilivyokuwa. Fungua nati nne za propela, uisogeze pembeni na kuifunga kwa kamba kwenye chesisi. Legeza kirekebishi cha breki ya mkono, fungua skrubu zinazoshika dramu, na uitoe dramu. Skrubu hizo huwa zimeshika kutu. Zigonge kichwani mara chache kwa nyundo na bisibisi nzito kabla ya kuzizungusha.

Katikati ya flanji utaona nati kubwa iliyofungwa kwa pini. Nyoosha pini uitoe. Ili flanji isizunguke, funga kipande cha bapa la chuma kwenye bolti mbili za flanji na ukiache kiegemee chesisi, kisha legeza nati kwa soketi na mkono mrefu. Flanji itatoka kwa kuvutwa, na ikigoma tumia pula. Usiigonge kwa nyundo kutoka nyuma, kwa sababu kila pigo linaishia kwenye beringi.

Sasa tulia, utazame sehemu laini ya flanji ambayo mdomo wa sili ulikuwa ukiigusa. Pitisha ukucha wako kwa upole kutoka ukingo hadi ukingo. Ukucha ukikwama kwenye mfereji mwembamba uliozunguka flanji, umeona sababu ya pili ya sili mpya kutodumu: chuma chenyewe kimelika kwa miaka ya vumbi lililonaswa chini ya mpira. Hapo una njia tatu. Ya kwanza ni flanji nyingine. Ya pili ni bangili nyembamba ya chuma cha pua inayosukumwa juu ya sehemu iliyolika, ambayo SKF huiuza kwa jina la Speedi-Sleeve. Ya tatu, kama mfereji ni mmoja na nyumba ya sili ina nafasi, ni kuiingiza sili kwa kina tofauti kidogo, milimita moja au mbili, ili mdomo uguse chuma kizima. Njia ya kujaza kwa kulehemu kisha kukereza siipendekezi, kwa kuwa joto hupindisha flanji, na flanji iliyopinda hutikisa propela nzima.

Toa bamba la nyuma la breki pamoja na viatu vyake. Toboa tundu dogo kwenye bati la sili ya zamani, ingiza skrubu, uivute kwa koleo. Bisibisi ya kuchokonoa huacha mikwaruzo kwenye ukuta wa tundu, na mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya oili. Kama kazi ya beringi imekulazimu kuitoa nyumba ya spidomita, zifunge shimu zake kwa waya pamoja, zote, na usibadilishe idadi bila kupima.

Safisha tundu, lipitishie msasa laini uliolowekwa mafuta ya taa, lipanguse. Paka ukingo wa nje wa sili gundi nyembamba ya gasketi. Jaza grisi kidogo nyuma ya mdomo, pale palipo na springi, ili springi isiruke wakati wa kugonga. Upande wenye springi huelekea ndani, kwenye oili. Igonge sili kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake wa nje, ukizunguka kidogo kidogo, mpaka ikae sawasawa pande zote.

Rudisha bamba la breki. Paka oili kwenye mdomo wa sili na kwenye flanji, na gundi kidogo kwenye meno ya ndani ya flanji upande wa nati, kwa kuwa oili hutambaa pia kupitia meno hayo na kutokea chini ya washa, mahali ambapo sili haina mamlaka. Kaza nati kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari lako, weka pini mpya. Viatu vilivyolowa oili visirudi. Wapo wanaovichoma kwa moto ili vikauke, lakini oili imeshaingia ndani ya nyuzi zake na itarudi juu mara breki itakapopata joto. Weka vipya.

Ukiwa bado hapo, tazama juu kidogo ya sili, ilipo ncha ya shafti ya kati ya transfa. Kama kuna mstari wa oili unaoshuka kutoka kwenye ncha hiyo, uvujaji wako ulikuwa wa huko na ulikuwa ukijifanya wa sili. Toa bamba linaloishika shafti, ukague o-ringi (pete ndogo ya mpira) kama toleo lako linayo, na usafishe mkao wake.

Sili ya ndani ya shafti kuu

Habari njema ni kwamba giaboksi haihitaji kutolewa. Nyuma ya transfa, juu, kuna kifuniko; hapo ndipo magari yenye winchi hufungiwa PTO, yaani kifaa cha kutoa nguvu ya injini ili kuendesha winchi. Ukikitoa kifuniko hicho unaiona ncha ya shafti kuu na nati yake. Nyoosha kifungio cha nati, ifungue, na uvute gia iliyo mbele yako hadi itoke kupitia tundu. Nyuma yake kuna nyumba ya beringi yenye sili. Kazi hii inataka mikono mitulivu na mwanga mzuri: panga kila kitu juu ya tambara kwa mfuatano kilivyotoka, na upige picha kila hatua.

Kagua beringi kabla ya kuifunga sili mpya. Kama shafti inapanda na kushuka ukiitikisa, beringi imekwisha. Kagua pia sehemu ya shafti au pete inayogusana na sili, kwa kipimo kile kile cha ukucha.

Oili ndani ya kasha la klachi

Chini ya kasha la klachi kuna tundu dogo lenye nyuzi za plagi. Plagi hiyo ni ya kuvukia mito: hufungwa gari linapoingia maji ya kina na kutolewa mara baada ya kuvuka. Magari mengi yaliyotoka jeshini hupatikana yakiwa nayo imefungwa moja kwa moja, na mwenye gari hujisifu kwamba klachi ni kavu, kumbe oili inajikusanya ndani hadi inafikia sahani ya klachi. Fungua plagi. Kitakachotoka kitakuambia kila kitu: oili nyeusi na nyepesi inatoka kwenye sili ya nyuma ya krenki shafti ya injini, na oili yenye harufu ya salfa inatoka kwenye kifuniko cha mbele cha giaboksi.

Vyote viwili vinahitaji giaboksi kutenganishwa na injini, na katika Land Rover hizi giaboksi hutokea ndani ya kibanda, baada ya kuondoa sakafu na sanduku la viti. Ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili. Kama klachi haitelezi na matone ni machache, ningesubiri mpaka klachi yenyewe ihitaji kubadilishwa, kisha sili zote za eneo hilo zibadilishwe kwa safari moja.

Gasketi, plagi na kebo

Uvujaji wa bamba la chini la transfa mara nyingi hutokana na bamba lililopinda kwa kukazwa kupita kiasi. Liweke juu ya kioo kinene, uone linapoinuka, ulinyooshe kwa nyundo na kipande cha mbao. Gasketi ya karatasi unaweza kuikata mwenyewe, lakini ile desturi ya kuigongea juu ya kasha kwa nyundo ili ukingo uikate huacha vidonda kwenye kasha la aluminiamu. Chora kwa penseli ukate kwa mkasi. Silikoni itumike kwa uchache sana, au iachwe kabisa, kwa kuwa inayobanwa kuelekea ndani hukatika vipande na kwenda kuziba vijia vya oili.

Washa za shaba za plagi zinarudi kutumika kama ukizilainisha: zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zisugue, ufunge. Na kama oili inaonekana nyuma ya spidomita kwenye dashibodi, imepanda kupitia kebo, hivyo badilisha sili ndogo iliyo mwisho wa kebo kwenye transfa.

Kujaza na kufuatilia

Tumia oili ya gia ya SAE 90 EP au 80W-90 ya daraja la GL-4. Giaboksi kuu ina sehemu za shaba nyeusi kwenye sinkro na bushi, na viongezi vikali vya baadhi ya oili za GL-5 huzidhuru kwa muda. Oili nzito zaidi haizibi uvujaji. Inafanya gia zigome asubuhi. Jaza polepole hadi ianze kutiririka kwenye tundu la kipimo, subiri iishe kutiririka, ndipo ufunge.

Endesha kilomita 20, rudi upake poda tena. Baada ya kilomita 100 kaza nati za propela upya na ufungue plagi zote mbili za kipimo. Andika tarehe na kiwango cha kila chumba kwenye daftari, kisha urudie baada ya kilomita 500. Kama kiwango cha transfa kimepanda hata kidogo huku cha giaboksi kuu kikishuka, sili ya ndani haikukaa vizuri, na utaijua mapema kabla dramu haijalowa. Ile 109 ya mzee ilirudi baada ya kilomita 500 ikiwa na viwango vyote viwili ukingoni mwa tundu, na poda ndani ya dramu ilikuwa bado nyeupe.